Kabla ya Radio Bantu: Utangazaji wa Kizulu, 1941–1960



Historia ya redio ya Kizulu aghalabu huanziwa mwaka 1960, Shirika la Utangazaji la Afrika Kusini, SABC, lilipoanzisha Radio Bantu. Ukianzia hapo, mhusika mkuu ni Piet Meyer, mwenyekiti wa bodi ya shirika hilo na kiongozi wa Broederbond, chama cha siri cha makaburu; Wazulu wenyewe wanabaki kuwa masikio tu. Naipinga tarehe hiyo. Mtu mweusi wa kwanza kuajiriwa na SABC kama mtangazaji, King Edward Masinga, alianza kutangaza kwa Kizulu mjini Durban mwaka 1941, na kilichotokea katika miaka ile ya mwanzo ndicho kinachoeleza nguvu ambayo Meyer aliikuta tayari.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyofungua mlango. Kituo cha Zeesen cha Ujerumani kilikuwa kikitangaza kwa Kiafrikaans kuwachochea makaburu dhidi ya Uingereza, na serikali ya Muungano wa Afrika Kusini ilihofia uvumi usije ukaenea hata kwa Waafrika, ambao iliwahitaji migodini, bandarini na jeshini, ingawa wanajeshi weusi ilikataa kuwapa bunduki. Habari za vita zikaanza kupelekwa kwa nyaya za simu hadi kwenye mabweni ya wafanyakazi. Hapo ndipo utawala ulipokutana na udhaifu wake. Ulikuwa na mitambo, fedha na wakaguzi, lakini haukuwa na sauti ambayo Mzulu angeiamini. Imani ya wasikilizaji haiagizwi kwa waraka, ikabidi iazimwe kwa msomi wa Kizulu, na Masinga hakuiazimisha bure. Mbali na habari, alitunga michezo ya redio, akatumia ngano na nyimbo, na baadaye akatafsiri tamthilia kadhaa za Shakespeare kwa Kizulu na kuzirusha hewani. Katika nchi iliyomhesabu Mwafrika kuwa mikono ya kazi tu, Mfalme Lear alikuwa sasa akilalamikia wanawe kwa Kizulu fasaha, redioni.

Wapo watakaosema kwamba nyuma ya Masinga alikuwapo Hugh Tracey, mkuu wa studio ya Durban, na kwamba utamaduni uliorushwa ni ule aliouchagua Mzungu. Ni kweli kwamba Tracey alivutiwa mno na muziki wa kijadi na kuutilia shaka ule wa mjini, na upendeleo huo ulikuwa na harufu ya ulezi wa kikoloni. Lakini mchezo wa nyimbo waliouandika kwa pamoja, uliochapishwa mwaka 1944, ulitokana na ngano ya Kizulu, na Tracey asingeweza kuufikia utajiri huo bila mwenzake. Anayemtegemea mwingine kwa kila sentensi hawezi kuitwa mtunzi pekee.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Lugha za Kiafrika, Kizulu kikiwamo, ndizo zilizotumiwa kuwatenga watu. Mwaka 1952 wakazi wa Orlando, Johannesburg, waliletewa vipaza sauti vya waya, visivyoweza kuhamishwa kwenda stesheni nyingine. Kisha Radio Bantu ikatumia mawimbi ya FM, yasiyosafiri mbali, na kila kabila likapewa idhaa yake. Katika habari, serikali ilishinda, na sioni sababu ya kulipunguza hilo. Hata hivyo, hoja hii inathibitisha nia ya watawala tu. Haithibitishi kwamba msikilizaji aliyeufuatilia mchezo wa redio jioni alimeza pia siasa zao. Vyama vya ukombozi navyo havikukiachia Kizulu kiwe mali ya adui. ANC iliyoanzisha Radio Freedom mwaka 1963, na baadaye ikapewa muda wa hewani na Redio Tanzania Dar es Salaam, ilizungumza na wananchi wake kwa Kizulu pia.

Idhaa ya Kizulu ya Radio Bantu leo ni Ukhozi FM, yenye wasikilizaji wengi kuliko stesheni yoyote ya Afrika Kusini. Umati huo haukuumbwa na bodi ya Meyer. Vitabu vyetu vya historia ya utangazaji barani vianzie Durban mwaka 1941, na jina la Masinga litangulie.