Somo la Dini Katika Shule za Sekondari



Katika mtihani wa KCSE, elimu ya dini ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu ni masomo matatu mbalimbali. Lakini pasipo mwalimu wa Kiislamu, mtoto wa Kiislamu huweza kujikuta akikariri Injili kwa ajili ya alama tu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 32, yakataza kumshurutisha mtu kutenda kinyume cha imani yake. Mimi nilisoma shule ya misheni. Nilikariri mengi, nikafahamu machache. Basi naomba chama chetu kitenge fedha za kumlipa mwalimu wa pili. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.