Pembe Si Kona: Marudio ya Jiometri ya Msingi kwa Darasa la Saba na Kidato cha Kwanza



Naomba kila mmoja wetu walimu akirudi darasani ajaribu jambo moja. Chora ubaoni pembe mbili, zote za nyuzi 40. Ya kwanza mistari yake iwe na urefu wa sentimita 10, ya pili sentimita 50. Kisha uliza ipi kubwa. Wengi watachagua ya pili, na miongoni mwao watakuwamo wale wanaopata alama nzuri.

Watoto hao si wazembe. Pembe waliyoijua tangu utotoni ni ya ng'ombe, na pembe ndefu ni kubwa kuliko fupi. Au ni pembe ya chumba, yaani kona, mahali pa kuegesha ufagio. Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu vitatu, na sisi tumepita haraka bila kumwambia mtoto kwamba pembe ya jiometri haina urefu wala si mahali. Ni kiasi cha kugeuka. Mlango ukiwa umefungwa, pembe ni sifuri. Ukiufungua robo ya mzunguko, umegeuka nyuzi 90. Ukiulaza kabisa ubavuni mwa ukuta, nyuzi 180. Mlango mpana wa msikiti na mlango mwembamba wa choo hugeuka kwa nyuzi zilezile.

Kwa hiyo marudio ya pembe yaanze kwa miguu. Watoto wasimame wakitazama ubao, wageuke robo, nusu, robo tatu, kisha mzunguko mzima, huku wakitaja 90, 180, 270, 360. Baadaye wachukue vijiti viwili vilivyofungwa uzi nchani, wavifungue na kuvifunga. Hapo ndipo kipimapembe kiingie. Kosa lake tunalijua sote: kina safu mbili za namba, na mtoto husoma 130 penye 50. Kumkemea hakusaidii. Kabla hajakigusa, aseme kwanza kama pembe iliyo mbele yake ni kali au butu. Akishasema ni kali, 130 haimdanganyi tena.

Mwaka 1957 walimu wawili wa Uholanzi, Dina van Hiele-Geldof na mumewe Pierre van Hiele, waliwasilisha tasnifu zao katika Chuo Kikuu cha Utrecht kuhusu ujifunzaji wa jiometri. Walieleza kwamba uelewa wa jiometri hupanda kwa ngazi. Mwanzoni mtoto hutambua umbo kwa sura yake nzima, kama anavyomtambua shangazi yake kwa mbali. Baadaye huona sifa za umbo, yaani pande na pembe zake. Baadaye tena hutambua namna sifa moja inavyozaa nyingine. Mwalimu aliye ngazi ya juu na mtoto aliye ngazi ya chini wanaweza kutamka neno moja wasielewane kabisa. Chora mraba uliosimama kwa ncha yake, kama uru ya karata, usikie wangapi watakataa kwamba ni mraba. Wameshika sura, sifa bado. Dawa yake ni rahisi: kata mraba wa katoni, uzungushe mikononi mwao, na waulize kila mara ni kitu gani kimebadilika.

Neno kimo nalo lina mtego wake. Kimo cha mtu hupimwa toka ardhini kwenda juu, basi mtoto anadhani kimo cha pembetatu lazima kipande kuelekea juu ya ukurasa. Pembetatu ikilala, anachukua upande wa mshazari na kuuita kimo. Wapeni pembetatu ya sentimita 3, 4 na 5. Kitako kikiwa 4, kimo ni 3, na eneo ni sentimita za mraba 6. Sasa waigeuze ikalie upande wa 5, wapime kimo kipya. Watapata 2.4, na nusu ya 5 mara 2.4 ni 6 ileile. Nawaomba msilikimbize somo hili. Mtoto anapoona kwa rula yake kwamba eneo limebaki palepale ingawa kitako na kimo vimebadilika, anaijua kanuni kwa namna ambayo kukariri hakutampa.

Pembetatu hiyo hiyo ndiyo ya fundi ujenzi. Anayepima msingi wa nyumba hupima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, kisha huvuta kamba kati ya ncha mbili. Ikitoka mita 5 kamili, kona yake imekaa skwea. Mwalike fundi wa jirani aje kuonyesha uwanjani kabla hamjaandika kanuni ya Pythagoras.

Kuhusu eneo na mzingo nitasema machache. Uzi wa sentimita 24 unatosha. Ukiuzungusha kuwa mstatili wa 11 kwa 1, eneo ni 11. Wa 8 kwa 4, ni 32. Mraba wa 6 kwa 6, ni 36. Mzingo ni mmoja, eneo si moja. Mkulima wa mchicha anaelewa mara moja.

Limebaki swali la uthibitisho, ambalo wengi wetu huliahirisha hadi sekondari. Watoto wakichana pembe tatu za pembetatu ya karatasi na kuzipanga pamoja, zinakaa kwenye mstari mnyoofu: nyuzi 180. Hilo wameliona kwa karatasi yao tu. Ndipo mwalimu achore, kupitia ncha ya juu, mstari sambamba na kitako, na awaonyeshe pembe mbadala zilivyo sawa. Sasa wanajua kwamba hakuna pembetatu bapa itakayokaidi, hata ile ambayo haijachorwa. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anaweza kufika hapo, na tusimnyime.

Kwa walimu wa Kidato cha Kwanza hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa huko lugha ya kufundishia hubadilika kuwa Kiingereza, na mtoto ambaye hakuelewa pembe kwa Kiswahili sasa ana mizigo miwili. Wiki za mwanzo zitumike kuhamisha dhana pamoja na jina lake: mtoto aeleze umbo kwa Kiswahili kwanza, kisha apewe istilahi mpya.

Ili tuyajaribu haya sisi wenyewe, katika kazi ya vikundi mchana huu kila meza ina uzi, mkasi, katoni na vijiti. Naomba kila kikundi kiandae kipindi kimoja cha marudio cha dakika 40, na kanuni yoyote isiandikwe ubaoni kabla ya dakika ya 25.