Nota na Pambio, Kwaya Moja

Tunaadhimisha yubilei, lakini bado tunavutana: wazee wanataka nyimbo za nota, vijana wanataka kinanda na ngoma. Tumtazame Andrea Bocelli wa Italia. Alipofuka akiwa na umri wa miaka 12, akasomea sheria, akapiga piano kwenye baa. Mwaka 1994 alishinda katika tamasha la Sanremo, kundi la waimbaji wapya, kwa wimbo wa pop; mwaka 1999 akatoa albamu ya nyimbo takatifu. Wakosoaji wa opera walimsema, lakini hakuacha upande wowote. Pasaka ya 2020, wakati wa korona, aliimba katika kanisa kuu la Milan lisilo na waumini. Mamilioni wakamsikiliza nyumbani. Nasi tusigawanyike. Mazoezini tuanze na nota, tumalize na pambio.