Pikapu ya Mizigo Ilipogeuka Gari la Familia

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wageni kutoka sharika rafiki



Nimeombwa nizungumze juu ya utunzaji wa magari. Sitaanza na magari ya miradi. Nitaanza na gari langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha, na somo lake lilikuwa chungu kidogo.

Nina Toyota Hilux ya dabo kebini, ya mwaka 1999. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa akibebea saruji. Wakati huo tulikuwa na watoto wawili, na mke wangu alikuwa mjamzito wa miezi saba. Tukapata msiba kwao, milimani. Tuliondoka Korogwe alfajiri, tukapita Mombo, tukapanda Soni hadi Lushoto. Kwenye lami tulivumilia. Tulipoiacha lami na kuingia barabara ya kijijini, gari likaanza kurusha. Mtoto mdogo akatapika. Mkubwa akagonga kichwa kwenye dirisha. Kisha mama yao akashika dashibodi kwa mikono miwili, akaniambia kwa sauti ya chini, “Baba, nishushe. Nitatembea.”

Nilimshusha. Alitembea pamoja na watoto sehemu ile mbaya, nami nikaendesha polepole nyuma yao, gari tupu. Ndugu zangu, nilikuwa na gari, na familia yangu ilikuwa inatembea kwa miguu. Siku ile niliamua kwamba ama gari hili litarekebishwa, ama litauzwa.

Kwa nini pikapu inarusha

Pikapu haikutengenezwa vibaya. Ilitengenezwa kwa kazi nyingine. Springi zake za nyuma ni vyuma bapa vilivyolaliana kimoja juu ya kingine, na vina nguvu ya kubeba mzigo unaokaribia tani moja. Ukiwa na mzigo huo, springi zinapinda na kurudi kama inavyotakiwa. Ukiwa na watu wanne na mkoba wa nguo, springi hazipindi. Gurudumu likipanda jiwe, bodi nzima inapanda nalo, na aliyekaa kiti cha nyuma anapanda pia.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza si “ninunue kifaa gani?” Swali ni “gari hili linabeba nini siku nyingi za wiki?” Mimi nilikuwa nabeba watoto, lakini gari lilikuwa bado limepangwa kubeba saruji.

Tuanze na yasiyo na gharama

La kwanza ni upepo wa tairi. Fundi wa tairi alikuwa amezoea kunijazia paundi 50 kila gurudumu, akisema, “Hii ni ya mzigo, mzee.” Siku moja nilifungua mlango wa dereva nikasoma kibandiko cha mtengenezaji kwenye fremu. Kumbe kiasi cha gari tupu na kiasi cha gari lenye mzigo vinatofautiana, na vyote viwili vilikuwa chini ya vile 50. Tairi iliyojaa kupita kiasi ni ngumu kama gogo. Tulipima asubuhi, tairi zikiwa baridi, tukafuata kibandiko. Mke wangu aliona tofauti siku hiyo hiyo kabla sijamwambia. Nunueni geji yenu wenyewe. Ni kifaa kidogo, kinakaa kwenye mfuko wa shati.

Lakini nisiwafiche kosa langu. Nilipoona upepo ukipungua gari linatulia, nikapunguza zaidi, chini ya kibandiko, kwa ajili ya barabara ya mawe. Tukafika salama. Wakati wa kurudi nikasahau kujaza. Nikaingia barabara kuu kwa mwendo wa lami, watoto wamelala nyuma. Tuliposimama kuweka mafuta, kijana wa kituo akaniita nishike tairi. Ilikuwa ya moto hata mkono haukai, na ubavu wake umeanza kupasuka. Tairi yenye upepo mdogo inajikunja sana, inapata joto, na mwisho wake ni kupasuka. Ukipunguza upepo kwa ajili ya njia mbaya, usitie mguu kwenye lami kabla ya kujaza.

La pili ni mwendo. Dereva wengi hukimbia juu ya mikunjo ya barabara ya changarawe wakisema gari linaelea. Ni kweli linaelea, lakini kitu kinachoelea hakishiki barabara. Kwenye kona au mbele ya ng’ombe, breki na usukani havitakutii.

La tatu ni mahali pa mzigo. Mzigo mdogo uliowekwa juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo hutuliza springi. Sisi tuliweka magunia mawili ya mchanga. Ila yafungwe kwa kamba imara, kwa maana gunia lisilofungwa huwa kombora gari linaposimama ghafla. Na mkumbuke kwamba kila kilo mnayobeba inakula mafuta.

Tengeneza kilichochakaa kabla ya kununua kipya

Shokapu kazi yake si kubeba uzito. Kazi yake ni kuzuia springi isiendelee kuchezacheza baada ya kugonga shimo. Kandamiza kona ya gari kwa nguvu, kisha achia. Likipanda na kutulia, ni nzuri. Likiendelea kunesanesa, au ukiona mafuta yanavuja kwenye mwili wa shokapu, imekwisha. Zangu za nyuma zilikuwa zimekwisha zote mbili. Zibadilishwe kwa jozi, kushoto na kulia, usibadilishe moja ukaacha nyingine.

Bushi za mpira kwenye ncha za springi nazo zilikuwa zimeliwa, chuma kinagonga chuma. Zile kelele nilizodhani ni za bodi zilitoka huko. Bushi ni kitu cha bei ndogo, lakini watu wengi hubadilisha vikubwa na kuziacha hizo.

Kisha fundi akagundua kwamba mwenye gari wa kwanza alikuwa ameongeza vyuma viwili kwenye kila springi, juu ya vile vya kiwandani. Tuliviondoa hivyo viwili tu. Vya kiwandani hatukugusa, wala siwashauri mtu aviguse ili apate ulaini. Gari likakaa kwenye kimo chake, na nyuma ikaanza kupumua.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama yake. Msimu wa viazi shemeji yangu aliniomba nimbebee magunia kama zamani. Nilimwambia, “Shemeji, gari hili sasa linabeba wapwa zako.” Hakufurahi. Alikodi Canter. Huwezi kuwa na springi ya saruji na springi ya mtoto mchanga katika gari moja. Lazima uchague, na ukishachagua, uheshimu uchaguzi wako.

Viti na mikanda

Kiti cha nyuma cha dabo kebini za miaka ile kimesimama wima na sponji yake ni nyembamba. Tulimpelekea fundi wa makochi. Akaweka sponji nzito isiyobonyea mara moja, akainua kidogo sehemu ya mapaja. Gharama yake ilikuwa chini ya bei ya shokapu moja. Tulibadilisha pia mpira wa milango, vumbi likapungua. Na dirisha la nyuma hatulifungui tukiwa safarini, kwa kuwa hewa huzunguka nyuma ya kebini na kuingiza vumbi na moshi wa ekzosi. Kwa mtoto anayetapika, mkalishe mahali anapoona njia mbele, msimpe kitabu, na msimame kila baada ya muda anyooshe miguu.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana raha bila usalama ni udanganyifu. Tulipomweka fundi wa makochi kazini, alitaka kufukia vishikio vya mikanda chini ya sponji ili kiti kipendeze. Nilikataa. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa waliomo ndani ya gari kwa hadi asilimia 50, na kiti maalumu cha mtoto kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwa asilimia 71. Mtoto aliyepakatwa hayuko salama. Gari likigonga, hakuna mikono ya mama yenye nguvu ya kumzuia.

Mama mjamzito afunge mkanda pia. Kipande cha chini kipite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga. Kipande cha juu kipite katikati ya matiti. Kisipite juu ya tumbo hata kidogo. Kiti cha mtoto mchanga anayetazama nyuma kikae kiti cha nyuma, na kamwe kisiwekwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Na bodi la nyuma ni la mizigo. Najua ninapozungumza na nani. Najua kwaya inasafirije, na watoto wa shule ya Jumapili wanapandishwa wapi siku ya sikukuu. Mimi pia nimewapandisha. Mtu aliyekaa kwenye bodi hana mkanda, hana paa, na shimo moja linatosha kumtupa nje.

Ombi langu

Kwa kamati: kabla hamjatafuta fedha za gari lingine, lipimeni mlilo nalo. Anzeni na geji, kisha shokapu na bushi, kisha viti na mikanda. Kwa marafiki wanaotuchangia: pikapu mnayotoa itambeba mchungaji na watoto wake, na usiku itambeba mama mwenye uchungu. Tunaomba bajeti ya matengenezo na mikanda iwe ndani ya zawadi tangu mwanzo.

Mtoto wetu wa tatu alizaliwa salama. Alipofikisha miezi minne tulipanda tena kwao, barabara ile ile, mawe yale yale. Tulipofika pale nilipomshusha mama yake, nilipunguza mwendo nikamtazama. Akaniambia, “Endesha, baba. Mtoto amelala.”