Mbio za Kampala na watoto wa Mulago

Tangu mwaka 2012, wanachama wa Rotary nchini Uganda huwaita watu kukimbia kwa ajili ya wagonjwa wa saratani. Michango imejenga wodi katika Hospitali ya Nsambya, kisha ikaelekezwa kwenye tiba ya mionzi. Anayekumbuka 2016, mashine pekee ya mionzi nchini ilipoharibika pale Hospitali ya Mulago, hatauliza kwa nini.

Lakini, msikilizaji, kwa saratani za damu Kampala ina historia ya pekee. Ni Mulago ambako daktari mpasuaji Denis Burkitt aliwaona watoto waliovimba taya, akaueleza ugonjwa wao mwaka 1958. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza hapo hapo mwaka 1967, na madaktari wake wakaonyesha kwamba dawa zinaweza kumponya mtoto bila kisu. Uvimbe hunywea upesi, na hapo ndipo penye hatari: mzazi aliyeishiwa nauli, shamba likimngoja, humrudisha mtoto kijijini kabla dozi hazijakamilika.

Kwa hiyo waliopona limfoma hiyo, wakiridhia, wawekwe mstari wa mbele wa mbio. Mbio huvuta watu zikiwa na sura ya mgonjwa: Marekani, mpango wa kuchangisha wa Team in Training ulizaliwa mwaka 1988 baba mmoja alipokusanya wakimbiaji 38 kwa mbio za New York, kwa ajili ya bintiye aliyeugua lukemia. Mzazi aliyekata tamaa anahitaji kumwona mtu mzima aliyewahi kulazwa kitanda kama cha mwanawe. Na sehemu ya michango ilipie nauli na malazi ya mzazi huyo mpaka dozi ya mwisho ya mwanawe.