Wasifu wa Tippu Tip katika kamusi elezo: mashahidi ni wangapi?

Makala haya yanatupia jicho wasifu wa mtu mashuhuri katika historia ya Afrika Mashariki na Kati, na vyanzo vinavyotegemewa na kamusi elezo za mtandao wa intaneti zinaposimulia maisha yake.

Dubai Silicon Oasis ni eneo huru la teknolojia katika Falme za Kiarabu, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 7.2, ambamo ofisi za kampuni za kompyuta, chuo kikuu na majumba ya ghorofa vimekaa bega kwa bega. Chukulia kwa mfano majirani wawili katika jengo moja la eneo hilo. Mmoja ni Mwomani ambaye babu yake alizaliwa Unguja. Wa pili ni mhandisi kutoka Kindu, katika Maniema, mashariki ya Kongo. Wote wawili wanazungumza Kiswahili. Wakifungua ukurasa unaomhusu Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, kila mmoja anasoma habari za watu wake. Kwa wa kwanza, huyo ni mfanyabiashara aliyefika mbali kuliko wengi, na ambaye nyumba yake ingali imesimama Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kwa wa pili, ni mwenye misafara iliyochoma vijiji na kuchukua watu. Na lugha hiyo hiyo wanayosalimiana nayo kwenye lifti ilienea Maniema kwa njia za misafara hiyo. Kwa hiyo swali la vyanzo haliwahusu wanazuoni peke yao.

Kwa mtazamo wa kwanza, wasifu wa namna hii huonekana umesheheni ithibati. Kila baada ya sentensi moja au mbili kuna nambari ndogo, na chini ya ukurasa kuna orodha ndefu ya vitabu. Lakini msomaji akizifuata nambari hizo moja baada ya nyingine, ataona kwamba nyingi zinarudi kwenye kisima kimoja, nacho ni simulizi ya Tippu Tip mwenyewe.

Katika miaka yake ya mwisho huko Zanzibar, kabla ya kufariki dunia mwezi wa Juni 1905, Tippu Tip alieleza habari za maisha yake kwa Kiswahili. Mjerumani Heinrich Brode alizihamisha katika herufi za Kilatini, zikachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Brode huyo huyo akaandika kitabu chake juu ya Tippu Tip, ambacho tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1907. Mwishoni mwa miaka ya 1950, W. H. Whiteley aliifasiri simulizi ile kwa Kiingereza, na mwaka 1974 François Bontinck akaitoa kwa Kifaransa akiwa ameongeza maelezo mengi. Basi mwandishi wa kamusi anapowataja Brode, Whiteley na Bontinck kuthibitisha jambo moja, msomaji huhesabu mashahidi watatu. Kumbe mara nyingi shahidi ni mmoja, amesikika kwa lugha tatu.

Hilo halina maana kwamba shahidi huyo ni mwongo. Mwaka 1867 Tippu Tip alipigana na chifu Nsama, na David Livingstone, aliyekutana naye mwaka huo huo, aliandika habari za vita hivyo katika shajara zake, zilizochapishwa mwaka 1874, yaani miaka mingi kabla ya Brode. Hapo watu wawili wasiotegemeana wanazungumzia tukio moja, na mwandishi wa wasifu anasimama juu ya ardhi ngumu.

Pengine wawili hao hawapatani, na hapo ndipo ubora wa wasifu unapojulikana. Mwaka 1876 Tippu Tip alikubali kumsindikiza Henry Morton Stanley kuelekea mto Kongo. Katika kitabu chake cha mwaka 1878, Stanley anataja malipo ya dola 5,000 kwa safari za vituo sitini. Tippu Tip anataja reali 7,000, tena analalamika kuwa hakulipwa kama alivyoahidiwa. Mwandishi mzuri huziweka kauli zote mbili na wenyewe wakatajwa kwa majina. Mwandishi mvivu huchagua moja, huweka nambari ndogo juu yake, na ugomvi wote hufutika. Ndivyo ilivyo pia kwa lakabu yake: mwenyewe alisema inatokana na mlio wa bunduki zake, ilhali wengine wakasema ni kwa sababu ya kupepesa macho.

Kuna jambo zito zaidi. Hurudiwa kila mahali kwamba kufikia mwaka 1895 alikuwa na mashamba saba na watumwa 10,000. Ni nani aliyewahesabu, na katika daftari lipi? Idadi iliyokamilika namna hiyo, bila senti juu yake, ina sura ya makadirio, na ingefaa iitwe hivyo. Watu hao walikuwa na majina, na wasifu unawapa tarakimu tu. Simulizi ya Tippu Tip nayo huzungumza kwa kirefu juu ya pembe za ndovu, bei na mapigano. Waliotekwa hupita pembeni.

Wazee wa Kasongo na Nyangwe wamerithi kumbukumbu zao kwa mdomo, lakini kanuni za Wikipedia hudai chanzo kilichochapishwa. Kanuni hiyo ina sababu yake. Mwaka 2005 wasifu wa mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, ulikaa miezi kadhaa ukimhusisha kwa uongo na mauaji ya kina Kennedy. Hata hivyo, kanuni inayomkinga aliye hai dhidi ya uzushi ndiyo inayomwacha nje mjukuu wa mateka, mpaka atokee mtu wa kumwandika na kumchapisha.

Toleo la Kiswahili la Wikipedia lilianza mwaka 2003, na ni ajabu kidogo kwamba msomaji wa Kiswahili mara nyingi humpata Tippu Tip kupitia Kiingereza, ilhali maneno ya kwanza yalikuwa ya Kiswahili. Whiteley alichapisha lugha zote mbili pamoja. Jirani wa Unguja na jirani wa Kindu wakikipata kitabu hicho, wanaweza kuanzia kwenye habari za reali 7,000, kisha wafungue ukurasa wa kamusi na kutazama kama Stanley amepewa neno la mwisho.