Akirudi Nyumbani, Anamkuta Nani?

(Maneno ya Mratibu wa Mradi kwa wajumbe wa kamati za sharika za Handeni na Korogwe, pamoja na wageni kutoka kwa washirika wetu)



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya elimu ya vijana wenye ulemavu katika wilaya zetu mbili. Kwa kawaida nafasi kama hii huwa ya kutoa taarifa: tumepeleka watoto kadhaa shule, tumegawa viti vya magurudumu, picha ni hizi hapa. Taarifa hiyo ipo na mmekwisha kugawiwa. Leo tunaomba kusema jambo ambalo halimo kwenye taarifa, kwa sababu kwenye fomu zetu halina safu yake.

Miaka kadhaa iliyopita tulimpata binti mmoja kiziwi katika kijiji kimoja cha Handeni. Aliacha kusikia akiwa mdogo, baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo. Umri wa kuanza shule ulikuwa umempita kwa miaka mitatu. Baba alikataa, mama alisitasita, bibi akaamua. Tukamtafutia nafasi katika shule ya bweni, mbali na hapa, marafiki zetu wakalipa, naye akasoma mpaka darasa la saba. Alijua kusoma na kuandika, alijua lugha ya alama, alijua kushona. Sisi tukaandika kwenye jalada lake: amemaliza. Tukalifunga.

Mwaka uliofuata tulipita kijijini hapo kwa shughuli nyingine. Tukamkuta nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi. Alipotuona aliinuka akaanza kuongea kwa mikono, haraka haraka, kama mtu aliyekuwa akisubiri siku nyingi. Hakuna hata mmoja wetu siku ile aliyejua alama zaidi ya salamu. Nyumbani kwao hakuna aliyejua, wala kijijini, wala kanisani. Mwisho akachukua kalamu mfukoni mwa mwenzetu, akaandika nyuma ya karatasi yetu kwamba anataka kurudi shule, kwa kuwa hapa haongei na mtu.

Ndugu zangu, njia nzima mpaka Korogwe hatukuzungumza. Tulikuwa tumemfundisha mtoto lugha, tukamrudisha mahali ambapo hakuna wa kuisema naye.

Hatusemi kwamba shule za bweni hazifai. Dayosisi yetu ina historia ndefu katika kazi hii. Shule ya Wasioona Irente ilianza mwaka 1963. Shule ya Irente Rainbow, kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji, ilifunguliwa 2005. Mwaka 2007 kikaanzishwa kule Magamba chuo kikuu chenye jina la Askofu Sebastian Kolowa, na masomo yake ya kwanza yalikuwa ya elimu maalum. Wapo watu wazima wenye kazi na familia leo ambao bila Irente wasingejua nukta nundu. Lakini mtoto wa Handeni anayekwenda huko hufika kwanza Korogwe, halafu Mombo, halafu apande mlima mpaka Lushoto. Anarudi wakati wa likizo tu. Kila akirudi wadogo zake wamekua, wenzake wana michezo na mizaha asiyoijua, na mahali pake pa kulala amepewa mgeni. Elimu anaipata, lakini kidogo kidogo nyumbani panamsahau.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inataka mtoto mwenye ulemavu asome katika shule za kawaida pamoja na wenzake, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalum. Ni sheria nzuri. Sasa twendeni tukaione shuleni.

Tulipowauliza wazazi wa watoto wasioweza kutembea kwa nini mtoto hayupo darasani, tulitegemea waseme hakuna mwalimu wa elimu maalum. Wengi walisema choo. Mtoto anayetambaa kwa mikono, aingie choo cha shimo ambacho watoto mia wamekwisha kukitumia tangu asubuhi, kiangazi, Handeni yetu hii ambayo maji ya kunawa huletwa na wanafunzi kwa vidumu kutoka majumbani. Akitoka anarudi darasani na mikono ile ile ashike daftari. Wenzake wanamsogelea mbali. Mama mmoja alituambia kwamba mwanawe alikuwa hanywi chai wala maji asubuhi ili asihitaji choo mpaka arudi nyumbani, na saa sita anaumwa kichwa, na mwalimu anaandika kuwa ni mzito wa kuelewa.

Kinachohitajika hapo ni kiti cha mbao chenye tundu, kibao cha kushikia ukutani, mlango mpana kidogo na ndoo ya maji isiyohamishwa. Fundi seremala yupo katika kila usharika hapa. Tumeona shule moja iliyojengewa njia nzuri ya saruji ya kiti cha magurudumu mpaka mlangoni mwa darasa, na kibao chenye nembo za wahisani pembeni yake, na choo hakikuguswa. Tunasema hivi mbele ya wageni wetu kwa upendo, maana mpango ule ulipita mezani kwetu pia na hatukuuliza.

Kuna jambo la maneno vilevile. Kiswahili chetu kiliwaweka kipofu, kiziwi, kiwete na kilema katika safu moja na kiti na kisu. Siku hizi tunasema mtu mwenye ulemavu, mtu asiyeona, nasi twafanya vizuri. Lakini viziwi wenyewe wana chama chao, CHAVITA, na neno kiziwi hawalionei haya. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba katika nyumba nyingi tulizofika jirani hajui jina la mtoto. Anajua tu yule bubu wa mzee fulani. Na mama yake anatajwa kama mwenye kosa: alivunja mwiko, alirogwa, alikosa adabu kwa wazee. Wanafunzi walimwuliza Bwana Yesu swali hilo hilo juu ya yule mtu aliyezaliwa kipofu, na jibu lake mnalijua. Ulemavu wa wengi tuliowaona ulianza na malaria kali yenye degedege, na siku za mwanzo zikapotea kwa mganga.

Sasa tuje kwetu kanisani. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kati ya Watanzania wenye miaka 7 na zaidi, asilimia 11.2 wana ulemavu wa namna fulani. Wengi wao ni wazee ambao macho na masikio yamechoka, hilo ni kweli. Hata hivyo, usharika wenye watu 200 Jumapili ungetegemea kuwaona zaidi ya 20. Mnawaona? Na katika darasa la kipaimara la mwaka huu, yuko kijana mwenye ulemavu wa akili hata mmoja? Tumekuwa tukisema hawezi kukariri Katekisimu. Mefiboshethi alikuwa na miguu yote miwili mibovu, akala mezani pa mfalme Daudi siku zote, wala hatusomi kwamba aliulizwa maswali kwanza.

Kwa vijana waliomaliza shule, tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na humo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa 2023 ikarejeshwa 2024. Tangazo hupita na kipaza sauti. Kiziwi atalisikiaje? Mjumbe wa kamati aende mwenyewe na karatasi mkononi, na asimwachie kaka mtu ajaze fomu kwa jina la mdogo wake halafu achukue fedha.

Kwa wafadhili wetu ombi ni moja. Kila mnapolipia mtoto kiziwi bweni, tuwekeeni katika bajeti nauli na chakula cha ndugu wawili wa nyumba yake, wakae naye wiki mbili kila mwaka wajifunze alama. Hakutakuwa na jengo la kupiga picha.

Yule binti ana cherehani sasa, anashona sare za shule. Mdogo wake wa kiume amejifunza alama kwake na ndiye anayemfuata gulioni. Baba bado anazungumza naye kwa kuelekeza kidole.

Fomu za kuandikisha watoto ziko meza ya nyuma. Chukueni za kutosha kila mtaa, zirudi kabla ya mkutano ujao. Safu ya mwisho ni mpya, msiiache wazi: nyumbani, nani anaweza kuongea naye?